Chuma Kinachokubali Jiwe la Nyumbani

Mtu wa Sigowet, hapa Kericho, akinunua kisu cha kukunja huangalia mambo matatu: mpini unakaaje mkononi, ubapa unafunguka kwa ukucha au kwa kuhangaika, na bei. Chuma chenyewe hakiulizii. Ukimuuliza muuzaji, atakujibu, "Hii ni stenlesi, mzee, haipati kutu," na mazungumzo yamekwisha. Nimebeba kisu mfukoni tangu nilipomaliza shule, kwanza kwa kazi ya kitalu cha chai cha baba, baadaye kwa miche ya maparachichi. Siku hizi nikisikia vijana wakibishana ni chuma gani kilicho bora, huwauliza kwanza nyumbani kwao wananolea nini. Hunitazama kama mtu aliyehama mada. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, ila hawakutuachia maelezo ya namna ya kukifanya kiwe kikali na kibaki hivyo.

Nianze na kazi. Hapa kwetu kisu cha mfukoni hakikai mfukoni. Asubuhi kinakata kamba ya gunia la mbolea na kufungua pakiti ya dawa ya ng'ombe. Mchana kinakata vipando vya chai. Jioni mama anakitaka akakate tawi la senetwet, ule mti ambao mkaa wake tunausugua ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa ya mursik. Katikati ya hayo yote, mvua. Wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, linapita Sondu, na alasiri tunalowa. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na sisi wa mteremko huu hatujasahauliwa katika mgao huo. Kisu kinalowa pamoja na mwenyewe, kisha kinakauka polepole ndani ya suruali, kimebanwa na funguo, sarafu na jasho.

Kazi iliyonifundisha makali ni ya vipando. Michai ya kwanza ya baba ilikuwa ya mbegu, lakini alipoanza kujaza mapengo alitaka ile ambayo kila mkulima huku anaijua kwa namba tu, TRFK 6/8, iliyochaguliwa na watafiti wa chai hapa hapa Kericho, kwenye kituo cha Timbilil. Mche wa aina hiyo hautoki kwenye mbegu, unatoka kwenye kipando. Unachukua chipukizi lililokomaa kiasi, si changa sana wala si lile lililokwisha kuwa mti. Unakata kwa mshazari juu kidogo ya jicho la jani, kisha chini yake unaacha kikonyo cha sentimita tatu au nne. Jani moja, jicho moja, kikonyo kimoja. Ubapa ukiwa mkali unasikia mlio mdogo, na kidonda kinabaki safi, kinang'aa kwa utomvu. Ukiwa butu, kikonyo kinapondeka kabla ya kukatika, ganda linachanika upande wa chini, na wiki chache baadaye ukifunua karatasi ya nailoni utaona weusi unapanda kutoka udongoni. Kipando kimeoza. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila vipando vya namna hiyo alivikusanya na kuvipanga juu ya ukuta wa kitalu, kila mtu avione.

Na chai ina ugomvi wake na chuma. Kisu cha kaboni kikishakata vipando kwa muda, ubapa unageuka zambarau, kisha bluu iliyokolea, kisha mweusi kabisa. Ni tanini za utomvu zinazoshikana na chuma, na mchanganyiko huo hautofautiani sana na wino uliotumiwa na waandishi wa kale kwa karne nyingi. Mama alikuwa akikikataa kisu hicho jikoni. "Hicho kimeoga wapi?" angeuliza, ingawa weusi huo haudhuru chakula. Kwa kweli unakisaidia kisu: ubapa uliokwisha kuiva kwa chai unashika kutu nyekundu polepole kuliko ubapa mpya unaometa. Wapo wanaochemsha chai ya rangi nzito na kuloweka kisu kipya ndani yake usiku kucha, makusudi.

Kisu changu cha kwanza cha kazi hakikuwa cha kukunja. Kilitoka kwa mhunzi mmoja wa jua kali upande wa Sondu, mzee aliyefua visu kwa springi za lori. Kwa Wakipsigis uhunzi ulikuwa wa familia maalumu, wale tunaowaita kitongik, na mzee huyu alikuwa na heshima zote za kazi ya kurithi, pamoja na ufupi wa subira. Siku niliyokuwa pale mteja mmoja alikuja na kipande cha nondo, akitaka kifuliwe kisu. Mzee alikirudisha bila kukigusa. "Hicho ni cha kufungia zege," akasema. "Hakishiki moto."

Alikuwa sahihi, na sababu ni kaboni. Nondo ina kaboni kidogo mno; hata ukiipasha moto ikawa nyekundu na kuizamisha, haikazi. Springi ya lori ina karibu asilimia 0.6 ya kaboni na kromi kidogo, na hiyo inatosha kuifanya chuma kingine kabisa ikishapita motoni. Mzee alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, imefungwa kwa waya. Ubapa ukishawaka wekundu wa cheri aliusogezea sumaku. Ikinasa, anaurudisha makaani. Ikiacha kunasa, anausubiri kitambo kidogo, kisha anauzamisha kwenye debe la oili chafu ya injini. Chuma hupoteza usumaku karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Mzee hakuwa na kipimajoto wala hakukihitaji. Baada ya hapo alipitisha tupa kwenye makali. Tupa iliteleza, ikalia kama inasugua chupa. Hapo ubapa ulikuwa mgumu, na ukiuangusha sakafuni unaweza kuvunjika vipande viwili.

Kwa hiyo aliulainisha. Aliusugua kwa mchanga mpaka ukang'aa, akauweka mgongo chini juu ya bamba la chuma lililopashwa moto, akaangalia rangi. Manjano hafifu ilianza mgongoni ikapanda kuelekea kwenye makali, nyuma yake ikifuatwa na kahawia, kisha zambarau. Manjano ilipofika kwenye makali aliutupa ndani ya maji. Rangi hiyo ni kama nyuzi 220. Bluu ni karibu 300, na makali yaliyofika bluu ni springi tena, si kisu. Kazi ya siku nzima inaamuliwa katika nusu dakika ya kutazama rangi, na ndiyo maana visu viwili vya springi ileile moja, kutoka kwa mafundi wawili, vinaweza kupishana mbali kuliko springi na chuma ghali cha Ulaya. Siku hizi kuna wanaokata springi kwa gurudumu la umeme, wakaichonga umbo la kisu na kuiuza bila kuipitisha motoni hata mara moja. Inakata, lakini ina ugumu wa springi tu, na haikai makali.

Kabla sijalipa, mzee alinisukumia jiwe lake. "Kinoe mwenyewe," akasema, "usije ukasema nilikuuzia chuma kisichonoleka."

Jiwe hilo lilitoka mtoni, kama la baba. Nyanda hizi zimefunikwa na lava ya kale ambayo wanajiolojia huiita fonolaiti: jiwe la kijivu, zito, la chembe ndogo ndogo. Halina kwazi, ile chembe ngumu iliyomo kwenye mawe ya mchanga. Kinachofanya kazi ndani yake ni felispa, na felispa inakizidi ugumu chuma cha kisu kilichokazwa vizuri kwa kiasi kidogo tu. Kwa sababu hiyo jiwe letu linanoa taratibu, linaacha makali laini, na linachagua chuma. Springi linaikubali. Ukiisugua kwa maji inatoa tope la kijivu, na si muda mrefu vinyweleo vya mkono vinakatika kwa kuguswa.

Shida ni kwamba kisu cha mzee kilikuwa cha ala. Kisu cha ala unakipangusa, unakipaka mafuta ya kupikia au samli, unalala. Kisu cha kukunja hakipanguswi hivyo. Kutu yake haianzii kwenye makali unayoyaona. Inaanzia kwenye pini unapozungukia ubapa, na kwenye ule mfereji wa mpini unamolala, mahali ambapo utomvu wa chai, maji ya mvua na unga wa mbolea hukutana na kitambaa hakifiki. Mbolea ndiyo mbaya zaidi. NPK 26:5:5 tunayotia kwenye chai ni chumvi, na chumvi ikichanganyika na maji ndani ya mfereji huo inakila chuma usiku na mchana.

Hapo ndipo watu wanapoilaumu kaboni bure. Okapi, kisu cha kukunja kinachojulikana karibu Afrika nzima, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya masoko ya makoloni. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ubapa wake ni wa kaboni, asilimia 0.55 hivi, ukoo mmoja na springi na panga. Kwenye jiwe la mto ni raha tupu. Nina rafiki wa Soliat aliyerithi Okapi ya babu yake. Ubapa umeliwa na jiwe umebaki nusu ya upana, na bado anachinjia mbuzi. Lakini rafiki huyo anakaa chini kule kwenye joto na miwa, si huku juu kwenye chai na ukungu, na anaitia pini mafuta kila Jumapili. Ukiwa na nidhamu hiyo, chukua kaboni na usisikilize mtu.

Stenlesi nayo si chuma kimoja. Mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyoliwa haraka na moto wa baruti. Alichopata kilikuwa na kromi asilimia 12.8 na kaboni 0.24. Kutu ilikikwepa, tatizo ni kwamba makali nayo yalikikwepa, na mafundi visu wa mji huo hawakumsifu mwanzoni. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, vingi vya vile visu vya bei nafuu vinavyotandazwa juu ya magunia siku za soko bado havijafika mbali na hapo: kromi ya kutosha, kaboni haba. Vinanoleka upesi, tena sana, mpaka unafurahi. Halafu baada ya kukata vipando kidogo makali yanalala upande. Hayajavunjika wala kuisha, yamejikunja tu. Unasugua, yanasimama, unakata, yanalala. Mtu anaweza kuishi na kisu cha namna hiyo miaka, akiamini kwamba yeye ndiye hajui kunoa.

Kati ya kaboni ya Okapi na stenlesi ya gunia kuna kundi ninaloliheshimu. Kampuni ya Opinel, iliyoanzia Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, huuza kisu kilekile, mpini uleule wa mti, kwa vyuma viwili: kaboni, au stenlesi ya Sweden ya ukoo wa 12C27. Ukivishika vyote viwili ndipo unapoona tofauti yenyewe, bila kudanganywa na umbo. Cha kaboni kinapanda makali haraka kidogo. Cha stenlesi kinachelewa mara chache za kusugua, basi. Waswisi wa Victorinox, ambao karakana yao ilianza mwaka 1884 na ambao walihamia stenlesi mwaka 1921, wanatumia kaboni karibu 0.5 na kromi 15, na wanakikaza chuma chao hadi ugumu wa 56 hivi kwenye kipimo cha Rockwell. Wapenda visu wa mitandaoni hukidharau chuma hicho kwa kuwa ni laini. Kwenye jiwe la fonolaiti, ulaini huo ndio sifa. Kisu chao ndicho kilicho mfukoni mwangu sasa: mvua haikidhuru, pini haigandi, na kikichoka jioni kinapona kabla ya chai kuchemka.

Mtoto wa dada yangu anaishi Minnesota. Alipokuja likizo aliniletea kisu kizuri kupita vyote nilivyowahi kumiliki, kinafunguka kwa kidole gumba, ubapa umechongwa herufi ndogo: S30V. "Mjomba, hiki hutakinoa mwaka mzima," akaniambia. Hakusema uongo sana. Chuma hicho kilitolewa Marekani mwaka 2001 kwa ajili ya visu hasa. Chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa unga, kisha unga ukashindiliwa kwa joto na mkandamizo mpaka ukawa bonge moja. Ndani mna kaboni asilimia 1.45, kromi 14 na vanadi 4. Vanadi hiyo inashikana na kaboni kuwa kabaidi, punje ndogo mno zenye ugumu wa karibu 2,800 kwenye kipimo cha Vickers, wakati chuma kilichokazwa cha kisu cha kawaida kiko kwenye 650. Nilikatia vikonyo vya kupandikiza parachichi msimu mzima, na kila asubuhi kilikuwa kilekile.

Kisha kikafika mwisho, kama kila kisu. Nikakipeleka kwenye jiwe la baba. Nilisugua, nikasugua, tope halikutoka. Makali yaling'aa tu, yakawa na mng'ao mzuri wa kioo, lakini nyanya haikukatika. Felispa haina nguvu ya kuzikata punje za vanadi. Inapita juu yake. Jiwe la karborundamu la dukani lilifanya kazi, kwa uvivu, na liliacha makali yenye mapengo madogo unayoyahisi kwa ukucha. Dawa yake ni kisahani kilichopakwa unga wa almasi, ambacho kijana ameahidi kuniletea akija tena. Mpaka hapo ukali wa kisu changu unategemea tiketi ya ndege. Sikisemi vibaya. Kwa mtu anayeishi mjini, anayekata maboksi na kamba na ana kisahani cha almasi kwenye droo, ni chuma kinachostahili kila shilingi. Mimi nimekihifadhi kabatini.

Wapo watakaosema nikipeleke kwa vijana wanaonoa visu kwa gurudumu la baiskeli. Wanapita hata vijijini, wanakanyaga pedali, cheche zinaruka, watoto wanafurahi. Simkatazi mtu kuwapelekea panga au jembe. Lakini ncha ya kisu ni nyembamba, inapata moto kabla ya ubapa wote kuhisi, na ukiona ukingo umegeuka bluu chini ya gurudumu, kumbuka rangi za mzee wa springi: bluu ni nyuzi 300. Chuma cha kaboni kikishafika hapo kimelainika, na kusugua hakukirudishi. Inabidi usage ukingo wote uliochomeka mpaka ufikie chuma kizima.

Tahadhari nyingine ni ya wapandikizaji wa parachichi, ambao tumeongezeka sana huku tangu bei ya Hass ilipowavutia watu. Tunafundishwa kusafisha kisu kati ya mti na mti ili tusihamishe ugonjwa, na wengi hutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo kwa kuwa ipo nyumbani. Klorini inakitoboa chuma, hata stenlesi. Inaacha vitundu vidogo vyeusi ambavyo kutu huanzia humo. Spiriti inafanya kazi hiyohiyo bila kukila kisu. Ukilazimika kutumia klorini, suuza kwa maji safi papo hapo na ukaushe.

Na kwa kuwa tunaongea kuhusu kitu cha kubebwa, nigusie urefu. Sheria ya Kenya haimpendi mtu anayeonekana hadharani na silaha bila sababu halali, na tunaopita mpaka wa Kericho na Kisumu tunajua kwamba Sondu ikichafuka, kama ilivyochafuka miaka ya karibuni, hakuna atakayekuuliza kama kisu chako ni cha vipando. Ubapa mfupi, wa kukunja, na ukisikia kuna joto sokoni, kiache nyumbani. Hilo halihusiani na chuma hata kidogo.

Ushauri ninaompa anayeniuliza umebaki mmoja. Chukua kipande cha jiwe unalolitumia, cha ukubwa wa kiberiti, kitie mfukoni uende nacho dukani. Omba ruhusa, lowesha jiwe, sugua sehemu ya makali iliyo karibu na mpini ambapo mkwaruzo hauharibu sura. Likitoa tope la kijivu upesi na makali yakasimama, mnaelewana. Likiteleza bila kutoa kitu, hicho si cha nyumbani kwako, hata kama kinauzwa elfu kumi. Likitoa tope upesi mno na makali yakalala ukiyagusa kwa ukucha, utakuwa ukisugua kila siku.

Sokoni Sondu wauzaji wamenizoea. Mmoja hataki hata kuliona jiwe langu, anasema nitamharibia mali, na ana haki yake. Mwingine, mama mmoja anayeuza visu pamoja na tochi na betri, aliniacha nijaribu karibu nusu ya meza yake akiwa kimya. Nilipochagua kimoja na kutoa pesa, alitoa kisu chake mwenyewe cha kukatia sukuma wiki chini ya meza akakiweka juu ya noti.

"Kabla sijakupa chenji," akasema, "ninolee na hiki."